Ndani ya fensi ya umeme jua, ardhi inapumzika au inakufa?

#1 Ngitili_Moja
Wakuu salaam. Tangu mradi wa umeme jua wa Kishapu uanze, hoja vijiweni ni moja: paneli hazichimbi, hazitoi moshi, kwa hiyo ardhi iliyo chini yake inapumzika tu miaka 25, na ikirudi itakuwa na rutuba kuliko siku ilipochukuliwa. Mimi nasema si kweli. Tazama picha za satelaiti za miradi ya ukanda mkavu: mara nyingi ndani ya fensi ni kipara, na ng'ambo ya fensi, wanakolisha kila siku, kuna majani. Iweje palipofungwa pawe tupu na palipolishwa pawe na nyasi?

Shinyanga tunajua kufunga ardhi. Ngitili inafungwa masika, inafunguliwa kiangazi, na HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanzia 1986 ilirudisha malaki ya hekta kwa njia hiyohiyo. Kufunga kwa fensi ya waya kuna tofauti gani? Nataka sababu, siasa tuziache kule kwingine.

#2 Greda14
Sababu ni greda. Uzi ufungwe.

Mkandarasi akikabidhiwa eneo huanza kwa kung'oa visiki na kusawazisha. Sentimita 15 hadi 20 za juu ndimo mboji na mbegu za nyasi zilimo. Anazisukuma pembeni ziwe tuta, tuta linanyeshewa msimu mzima, likirudishwa limeshakufa, au linaishia kuwa barabara ya ndani. Unachokiona kwenye satelaiti ni udongo wa chini uliofunuliwa.

Na wala si lazima. Miundo ya sasa inakubali mteremko, nguzo zinapigwa zikifuata mgongo wa ardhi. Kata vichaka usawa wa sentimita 10, mizizi ibaki, pitisha mashine ya kupigia nguzo, kwisha. Hawafanyi hivyo kwa sababu mashine hutambaa taratibu penye visiki na mkataba una tarehe.

#3 Kijiwe_Nongwa
Uzi ufungwe hata chai haijachemka? Endeleeni, nimekaa mkao wa kula.

#4 Mchirizi
Greda14 umesema nusu. Hata eneo ambalo halikuguswa na greda linachimbika, na kisa ni maji ya mvua.

Chukua meza, yaani fremu moja ya kubebea paneli, yenye paneli mbili zilizosimamishwa wima, moja juu ya nyingine. Upana wake kwa mteremko ni kama mita 4. Ikinyesha milimita 50, kila mita moja ya ukingo wa chini inamwaga lita 200. Hizo lita 200 zinaangukia utepe wa upana wa sentimita 25. Piga hesabu: utepe huo umepata sawa na milimita 800 kwa mvua moja. Matone yanafukua, udongo unaziba vinyweleo vyake, maji yanaanza kukimbia kufuata mstari wa nguzo, msimu wa tatu una mfereji wa kuingia mguu. Nyasi haioti hapo hata uipande kwa mkono.

Tiba: mistari ya paneli ikatishe mteremko, isishuke nao. Chini ya ukingo weka kokoto au mabua, au acha nyasi ya sentimita 20 kudumu. Na makalvati ya barabara za ndani yapangwe baada ya kuangalia maji yalikuwa yanapita wapi. Ramani ya paneli isitangulie.

#5 Inverta_Baridi
#4 hesabu nzuri ila umepitiliza. Kati ya paneli ya juu na ya chini kuna mwanya wa sentimita 2 hivi wa vibanio. Sehemu kubwa ya maji ya paneli ya juu inadondokea hapo, katikati ya meza. Kwa hiyo una tepe mbili za milimita 400 kila moja. Bado ni nyingi, ila si 800.

#6 Mchirizi
Nakubali kwa mvua ya kawaida. Mvua ya upepo maji yanaruka mwanya. Lakini sawa, andika 400.

#7 Mbuga_Nyeusi
Mnaongea kana kwamba udongo ni mmoja. Usukumani ukishuka toka kilimani unakutana na luseni ya kichanga, kisha itogolo ngumu, kisha mbuga, yaani mfinyanzi mweusi, bondeni. Hayo ya #4 ni ya luseni na itogolo. Kwenye mbuga, maji ya kwanza yanamezwa na nyufa, halafu udongo unavimba unajifunga, na baada ya hapo maji yanatuama. Hakuna mfereji, kuna bwawa.

Shida ya mbuga ni nguzo. Udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nguzo iliyopigwa mita 1.5 iko ndani ya tabaka hilohilo linalocheza. Inanyanyuliwa kidogo kila mwaka na haishuki yote. Meza inapinda, vibanio vinabana kioo, kioo kinapasuka bila kupigwa jiwe, na mabomba ya kebo yanakatika kwenye viungo. Ndiyo maana kabla ya kuagiza chuma hufanyika jaribio la kuvuta nguzo, na lifanyike udongo ukiwa umelowa pia. Wakifanya Septemba peke yake, watapata namba tamu za uongo.

Suluhisho la kawaida ni kwenda chini zaidi au kumimina zege. Tundu la kipenyo cha sentimita 30, kina mita 2, linakula mita za ujazo 0.14. Tuseme mradi una nguzo 30,000: hiyo ni zege zaidi ya mita za ujazo 4,200, kama tani 10,000. Nani atazing'oa miaka 25 ijayo? Huyo anayesema ardhi imepumzika ajibu.

#8 Kijiwe_Nongwa
Kumbe paneli zina mizizi kuliko mkwaju.

#9 Tone_la_Mwisho
Mnasahau maji. Morocco pale Ouarzazate mtambo wa jua unakunywa maji ya bwawa la Mansour Eddahbi, sehemu yenyewe ni jangwa. Leteni hayo Garissa na Shinyanga tuone.

#10 Inverta_Baridi
#9 umechanganya mitambo. Ouarzazate sehemu kubwa ni vioo: vinakusanya joto, vinapasha moto mafuta au chumvi, mvuke unazungusha tabaini, kama mtambo wa makaa tu. Noor I ya MW 160 inapozwa kwa maji, ndiyo inayokunywa hasa. Noor II na III zilijengwa na upoozaji wa hewa, matumizi yakashuka sana. Paneli za kawaida hazina mvuke wala upoozaji. Maji yake ni ya kuosha tu.

#11 Laga_Kavu
Kuosha tu? Tuhesabu basi. Mtambo wa jua wa Garissa, Kenya, ni MW 50, hekta 85, paneli zaidi ya 200,000. Kuosha kwa mkono, brashi na mpira, ni lita 2 kwa paneli ukiwa mwangalifu. Raundi moja ni lita 400,000, yaani maboza 40 ya lita 10,000. Kwa mji ni kidogo. Kwa kisima kimoja cha wafugaji wakati wa kiangazi si kidogo, na kiangazi ndipo vumbi linakuwa jingi na mvua haioshi.

Halafu aina ya maji. Kisima chenye chokaa na chumvi kinaacha ukungu mweupe kwenye kioo, unarudi kusugua, unakwangua tabaka la juu. Kwa hiyo wanachuja, na chujio linatupa maji ya chumvi. Yakimwagwa palepale nyuma ya tangi, tayari una kipara kingine cha #1 ambacho si cha greda.

#12 Ibri_Gulfu
Ndugu zangu, huku Oman Ibri II ni MW 500 kwenye mita za mraba milioni 13, yaani hekta 1,300, na kazi ya kusafisha ni ya roboti. Usafishaji mkavu unategemea brashi laini inayopita usiku mota zikiwa na chaji ya mchana. Maji unaokoa, lakini kuna masharti: meza ziwe sawasawa, maana roboti haivuki meza zilizopishana. Hapo ndipo mnarudi kwa greda ya #2. Na vumbi likichanganyika na umande alfajiri linakuwa tope, brashi kavu inalipaka badala ya kulitoa.

#13 Greda14
#12 asante. Yaani ukiokoa maji unasawazisha ardhi, ukiokoa ardhi unatafuta maji.

#14 Laga_Kavu
Anayeosha kwa maji aoshe kabla jua halijapanda. Kioo cha saa saba kinafika nyuzi 60, maji ya kisima yakikigusa kinaweza kupasuka.

#15 Mtambo_Mtera
Naomba kutia mchanga kwenye kitumbua. Mnalia na hekta 85? Garissa ilikadiriwa kutoa kama MWh (megawati-saa) 76,000 kwa mwaka. Gawa kwa 85: karibu MWh 900 kwa kila hekta. Sasa Mtera: bwawa likijaa ni kilomita za mraba 660 hivi, hekta 66,000, kwa mtambo wa MW 80. Hata ukizungusha nusu ya mwaka mzima, hupati MWh 6 kwa hekta. Masinga kule Kenya ni kilomita za mraba 120 kwa MW 40. Ardhi iliyo chini ya maji hailimwi kabisa. Mbona hakuna uzi wa kipara cha Mtera?

#16 Ngitili_Moja
#15 hesabu yako ina ujanja. Maji ya Mtera yanashuka Kidatu yanazungusha MW 204, na baadaye yanaingia Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere. Masinga vilevile ndiyo tangi la Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ukitaka haki, gawa hekta za Mtera kwa umeme wa Mtera na Kidatu pamoja. Tena Mtera wanavua samaki. Na umeme wa Mtera unawaka saa mbili usiku.

#17 Mtambo_Mtera
Jumlisha Kidatu, bado hufiki hata MWh 30 kwa hekta. Samaki nakuachia.

#18 Laga_Kavu
Turudi kwa swali la #1. Mimi naona kosa ni kumtoa mnyama. Nyasi za ukanda huu zinataka kuliwa. Nyasi isiyolishwa mwaka wa kwanza inafika kiuno na kutia kivuli paneli ya chini, na kivuli kwenye seli chache kinashusha mnyororo mzima wa paneli. Mwaka wa pili imekauka imesimama, moto ukiingia unakwenda na kebo. Meneja anaogopa moto, analeta dawa ya magugu. Dawa inaua nyasi za kudumu, yanaota magugu ya msimu mmoja, yanakufa, udongo unabaki uchi. Hiyo ndiyo tofauti na ngitili: ngitili inafunguliwa.

#19 Kijiwe_Nongwa
Si wafungulie mbuzi tu, mbuzi hana gharama.

#20 Laga_Kavu
Mbuzi anapanda juu ya paneli na kutafuna kebo. Ng'ombe anajikuna kwenye nguzo na kusukuma meza kwa bega. Ngamia usimtaje. Mnyama wa kazi hii ni kondoo, na ndiye wanayemtumia Marekani. Masharti: ukingo wa chini wa paneli uwe angalau sentimita 80 toka ardhini, kebo zote zifungwe juu chini ya fremu au zifukiwe kwenye bomba, vibanio vya plastiki visining'inie. Waingie kwa zamu, kipande kwa kipande, wiki chache kisha watoke. Ukiwaacha mwaka mzima wanalala kwenye kivuli palepale na kupafanya zizi.

#21 Mchirizi
#18 inaeleza nyasi, haielezi mifereji. Eneo lenye kondoo na paneli zilizoshuka na mteremko litachimbika vilevile.

#22 Kivuli_Tele
Nyote mnasema kivuli ni adui. Isinya, Kajiado, waliweka paneli 180 za wati 345 kwenye nguzo ndefu za kama mita 3 na kulima chini yake. Taarifa za mradi zilisema kabichi za kivulini zilizidi za wazi kwa ukubwa, theluthi hivi. Nchi ya jua kali, kivuli kinapunguza maji yanayopotea. Kwa hiyo paneli zenyewe haziui mmea. Urefu wa nguzo na nafasi kati ya mistari ndivyo vinaua au kuponya.

#23 Inverta_Baridi
Isinya ni kilowati 62. Nguzo ya mita 3 inabeba upepo mwingi kuliko ya mita 1.5, kwa hiyo chuma kinene na msingi mkubwa, na zege ya #7 inaongezeka. Kwa shamba la mboga inalipa. Zidisha mpaka MW 50 uone bei ya chuma.

Suala la joto nalo liwekwe sawa. Utafiti wa Arizona uliochapishwa 2016 ulikuta hewa juu ya shamba la paneli ina joto zaidi kwa nyuzi 3 hadi 4 usiku kuliko nyika ya jirani. Paneli ni nyeusi, inarudisha mwanga kidogo kuliko mchanga mkavu, na umeme unaotoka ni kama moja ya tano ya kilichoingia. Kilichobaki ni joto. Kipara na joto vinaweza kulishana: hakuna majani ya kupooza hewa, joto linapanda, mbegu inakauka kabla ya kuota.

#24 Kivuli_Tele
Arizona walipima eneo ambalo mimea ilikuwa imeshaondolewa. Sasa joto limetoka kwenye paneli au kwenye kufyekwa?

#25 Inverta_Baridi
Swali zuri. Vyote viwili, na kwa kipimo kile huwezi kuvitenganisha.

#26 Hati_na_Mipaka
Samahani naingilia toka upande mwingine. #1 ameandika "ikirudi". Irudi kwa nani? Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kwa mradi wa namna hii inahaulishwa kuwa ardhi ya jumla. Isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaidhinisha au kukataa. Ikizidi, mkutano unatoa mapendekezo na Waziri ndiye anaidhinisha. Ikishakuwa ya jumla, mradi ukiisha hairudi kijijini yenyewe. Kwa hiyo mjadala wa rutuba miaka 25 ijayo ni wa mtu mwingine, wala si wa mwanakijiji aliyelipwa fidia.

Kenya wana mfano mzito wa jirani yake jua, yaani upepo. Mradi wa Ziwa Turkana ni MW 310, mashine zenyewe zinakalia kipande kidogo na mifugo inapita katikati, lakini hati ilikuwa ya ekari 150,000. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Meru, ikasema hati hizo zilitolewa bila kufuata sheria. Nyasi zilikuwepo, mgogoro nao ulikuwepo.

#27 Mtambo_Mtera
Basi wakodishe badala ya kuhamisha. Pavagada, India, MW 2,050 kwenye ekari 13,000, wenye mashamba wanalipwa kodi iliyoanzia rupia 21,000 kwa ekari kwa mwaka, inapanda asilimia 5 kila miaka miwili. Hati inabaki kwao.

#28 Hati_na_Mipaka
Pavagada anayelipwa ni mwenye hati. Vibarua wa mashambani waliokuwa wanalima kwa siku hawakuwa na ekari ya kukodisha, kazi ikaisha. Hapa kwetu ongeza mchungaji, mkata kuni na mwenye mizinga: hakuna fomu ya uthamini yenye safu yao.

Na njia. Hekta 85 zikiwa mraba, upande ni mita 920 hivi. Aliyekuwa anakata katikati kwenda kisimani sasa anazunguka kona mbili, karibu mara mbili ya njia, ndoo kichwani. Kugawa eneo vipande viwili na kuacha ushoroba wa mita 10 kunagharimu fensi zaidi na kebo chache za kuvusha chini.

#29 Twiga_wa_Ijara
Ushoroba huo usaidie na wanyama. Waya wa chini ukinyanyuliwa sentimita 15 hadi 20, sungura na kobe wanapita. Digidigi hapiti, twiga ndiyo kabisa. Na kuna wadudu wa majini wanaoona paneli kama maji kwa jinsi zinavyorudisha mwanga, wanataga mayai kwenye kioo.

#30 Kebo_Msongo
Mmeacha laini. Mtambo ukiwa mbali na gridi, njia ya umeme inaweza kula ardhi kuliko paneli zenyewe. Kenya laini ya kilovoti 132 inachukua upana wa mita 30, ya 220 inachukua 40. Kilomita 30 za laini ya 132 ni hekta 90, zaidi ya Garissa nzima. Chini yake unalima mtama na maharage, hujengi wala hupandi mwembe. Ndiyo maana kituo cha kupozea umeme kikiwa jirani, mwekezaji anang'ang'ania shamba la karibu hata kama ni bora kwa kilimo, badala ya kwenda kwenye jangwa la mbali.

#31 Scrap_Tandika
Na taka je? Paneli ya wati 265 ni kama kilo 18. Zidisha kwa 200,000: tani 3,600. Robo tatu ya uzito ni kioo ambacho hapa hakina mnunuzi. Fremu ya alumini na shaba ya kebo zitaondoka usiku mmoja. Kitakachobaki ni kioo kilichogandishwa na plastiki, ukikichoma karatasi ya nyuma yenye florini inatoa gesi ya sumu, na lehemu ina madini ya risasi. Tena usisubiri miaka 25: zilizopasuka wakati wa kushusha na zile za nguzo zilizopinda za #7 zinarundikwa kona ya uwanja kuanzia mwaka wa kwanza. Kwenye cheti cha mazingira kifungu cha kufunga mradi kiwe na pesa iliyotengwa. "Zitatupwa kwa utaratibu" si kifungu.

#32 Ngitili_Moja
Nashukuru wote. Nina greda, matone, mbuga, chumvi ya chujio, mnyama aliyetolewa, dawa, na joto. Kila mmoja anasema ni chake. Kuna namna ya kupima tukajua kipi ni kipi?

#33 Mchirizi
Ipo, ya bei ndogo. Chukua bomba la chuma la kipenyo cha sentimita 30, likate urefu wa sentimita 25, noa ukingo mmoja. Ligonge kwa nyundo na ubao mpaka lizame sentimita 10. Tandika gunia ndani ili maji yasifukue, mimina mpaka kimo cha sentimita 10, hesabu dakika za kushuka sentimita 5. Rudia palepale mpaka muda ulingane mara mbili mfululizo. Fanya sehemu nne: katikati ya meza, kwenye utepe wa matone, kati ya mistari, na nje ya fensi. Kila sehemu mara tano, na sehemu zote nne ziwe udongo wa aina moja.

Utepe ukiwa mzito kunywa maji kuliko kati ya mistari, ni matone. Vyote vya ndani vikilingana na vikawa vibovu kuliko nje, ni greda.

#34 Laga_Kavu
Au ni dawa ya magugu. Udongo uliokufa mizizi nao haunywi. Bomba lako halitofautishi.

#35 Mchirizi
Ongeza shimo la sentimita 40 pembeni. Udongo wa juu mweusi ukiwepo na mizizi iliyooza ndani yake, greda haikupita.

#36 Mbuga_Nyeusi
Kwenye mbuga msipime kiangazi. Bomba likikaa juu ya ufa, utamwaga pipa zima na maji hayatasimama. Subirini mvua mbili tatu za kwanza nyufa zifunge, ila msichelewe hadi Januari, hapo hakuna kinachozama popote, ndani wala nje.

#37 Kijiwe_Nongwa
Bomba la sentimita 30 mnapata wapi, la kisima?

#38 Scrap_Tandika
Mtungi wa gesi uliokwisha muda, mkubwa wa kilo 15, unakaribia kipenyo hicho. Mtoe gesi yote na mjaze maji kabla ya kukata.